Shajara ya mradi: saa 14 za mwanga kwa hamsta wa Nairobi

Januari, wiki ya pili

Simsim amefika. Ni dume wa hamsta wa dhahabu, rangi ya malai, macho meusi, umri miezi sita hivi. Aliyekuwa naye alijaribu kumpandisha kwa majike tofauti, hakuna aliyeshika mimba, akakata shauri kwamba dume ni tasa. Nilipomuuliza alikuwa akimweka wapi, akasema stoo: chumba chenye kidirisha kimoja, bila balbu. Hapo penye "bila balbu" ndipo nilipoamua kumchukua.

Nimemlaza chali kiganjani kumkagua. Dume mzima wa hamsta hajifichi: korodani humchongoa nyuma, ukimtazama kutoka juu unaona makalio yamechomoza kuelekea mkiani. Simsim ni wa mviringo huko nyuma, kama jike. Nikimpapasa kwa kidole nasikia korodani zipo, ila zimesinyaa na kupanda juu. Meno yake ni sawa, manyoya yanang'aa, anakula vizuri. Simwoni kama mgonjwa.

Hamsta wa dhahabu huzaa kwa kufuata urefu wa mchana. Mwanga ukipungua chini ya saa 12 na nusu kwa siku, tezi ya pineali iliyoko kwenye ubongo humwaga homoni iitwayo melatonini kwa muda mrefu zaidi usiku, mwili ukajua kwamba majira ya baridi yameingia, na baada ya miezi miwili hivi korodani husinyaa. Jike naye huacha kuingia kwenye joto, yaani kuwa tayari kupandwa. Mwaka 1965 watafiti wawili, Hoffman na Reiter, walionyesha kwamba dume aliyetolewa tezi hiyo hasinyai hata akiwekwa gizani.

Kwao, nyanda za Aleppo kaskazini mwa Syria, mpango huo una faida. Mchana wa Desemba kule haufiki saa 10, na wa Juni unapita 14. Watoto wakizaliwa katikati ya baridi hawaponi, kwa hiyo mwili hufunga duka mpaka nafaka ziive. Sasa mlete mnyama huyo Nairobi. Jua letu linachomoza na kuzama karibu saa ileile Januari hadi Desemba, mchana ni saa 12 na dakika chache, na giza la ikweta huingia upesi. Hata ukijumlisha mapambazuko na utusitusi wa magharibi uko ukingoni tu, na ndani ya stoo uko chini ya ukingo. Hamsta wa sebuleni anaokolewa na taa tunazowasha hadi saa nne usiku. Wa stoo hana mwokozi.

Miongozo mingi ya ufugaji imeandikwa na watu wa Ulaya na Marekani, wanaoongeza taa wakati wa baridi na kuizima kiangazi. Sisi hatuna kiangazi cha namna hiyo. Kwetu taa ni ya mwaka mzima, na mradi huu wote nimeujenga juu ya jambo hilo.

Nimefunga balbu ya LED ya wati 5 juu ya rafu, pamoja na taima ya kuchomeka ukutani. Inawaka saa 11 alfajiri, inazimika saa 1 usiku. Saa 14 za mwanga, 10 za giza, na giza ni giza kweli: mlango unafungwa, taa ya koridoni haiingii.

Januari, mwisho wa mwezi

Jike ni Nyota, wa rangi ya dhahabu ya asili, wiki nane sasa. Anaweza kushika mimba tangu wiki ya tano, lakini mwili wa mtoto hauzai watoto ukabaki salama. Nitamngoja afikishe miezi mitatu na zaidi. Wala sitamchelewesha apite miezi sita kabla ya uzao wa kwanza, maana uzazi wa kwanza ukichelewa huwa wa hatari zaidi.

Kila mmoja ana kizimba chake. Hili silijadili na mtu. Hamsta wa dhahabu ni mkaa-pweke, na wawili wakubwa wakiwekwa pamoja mmoja atamjeruhi mwenzake au kumuua, mara nyingi usiku watu wakiwa wamelala. Bado nawaona wakiuzwa "jozi kwa ajili ya watoto", na inaniuma, kwa sababu mtoto ndiye atakayekuta damu asubuhi.

Tangu jana naandika ute wa Nyota. Mzunguko wa jike ni wa siku 4, na una ishara moja tu ya kutegemea: asubuhi inayofuata usiku wa joto, ukimbonyeza kidogo juu ya uke hutoka ute mzito, mweupe kama maziwa, wenye harufu kali. Ukiugusa kwa ncha ya kidole ukavuta, hautoki kwa tone. Unafuata kidole kwa uzi mrefu, unazidi kuwa mwembamba, na haukatiki upesi. Hakuna ute mwingine wa mnyama huyu unaovutika hivyo. Ukiuona Jumatatu asubuhi, jioni ya kumpandisha ni Alhamisi.

Februari

Ute wa Nyota unakuja bila kuruka. Simsim bado ni mviringo. Korodani zilizosinyaa hazirudi kwa wiki moja, hivyo nangoja na kumpima kila Jumapili.

Nimeletewa dume mwingine wa kuazima, kijana mzuri mno: kichwa cha malai na mwili mweupe ulionyunyiziwa nywele za rangi. Nimemrudisha na asante. Dume wa alama hizo hubeba jeni ya tumbo jeupe. Nakala moja ya jeni hiyo haimdhuru. Ukimkutanisha na jike mwenye nakala nyingine, kwa wastani mtoto mmoja katika kila wanne atapata nakala mbili, naye huzaliwa bila macho. Nyota nilimkagua siku aliyoingia: nilipuliza manyoya ya tumbo yakagawanyika, na chini ya weupe wa juu kulikuwa na kijivu mpaka kwenye ngozi. Kijivu hicho ndicho ninachokitafuta, kwani kwa hamsta wa dhahabu mwenye jeni ile manyoya ya tumbo huwa meupe mpaka mashinani. Hata hivyo wazazi wa Nyota siwajui wote, na sina sababu ya kucheza kamari kwa macho ya watoto wakati Simsim yupo. Kila anayependa kuzalisha hamsta ajifunze kupuliza tumbo kabla ya kujifunza jambo lingine lolote la rangi.

Wakati wa kungoja nimekuwa nikisoma walivyoingia majumbani. Mwaka 1930 Israel Aharoni, mtaalamu wa wanyama kutoka Jerusalem, alichimbua karibu na Aleppo shimo lenye mama mmoja na wanawe 11. Aliyemtuma ni Saul Adler wa Chuo Kikuu cha Kiebrania, aliyekuwa akichunguza leishmaniasisi na kuhitaji mnyama mdogo anayezaa kirahisi maabara. Mama alianza kuua watoto wake palepale kwa fadhaa. Wachache tu walinusurika, ndugu wakapandana, na karibu hamsta wote wa dhahabu wanaofugwa duniani leo wanatokana na shimo hilo moja. Aina mojawapo ya ugonjwa aliokuwa akiutafiti Adler ni kala-azar, ule unaoenezwa na nzi wadogo wa mchangani, na watu wa kwetu Baringo hawahitaji kuelezwa ni kitu gani. Kuna watoto wamezikwa kwa sababu yake. Namtazama Simsim akijaza mashavu na siwezi kusahau kwamba jamii yake ililetwa kwa wanadamu kwa ajili hiyo. Huko porini kwao wanazidi kuadimika, kwani wakulima huwahesabu kama waharibifu wa mazao.

Machi, wiki ya kwanza

Simsim amechongoka. Wiki mbili zilizopita nilidhani naona mabadiliko lakini sikuandika, nikahofia kuona ninachotaka kuona. Sasa hakuna shaka: korodani zimeshuka, zinajaza nyuma yote, na tezi za ubavuni, yale madoa mawili meusi, moja kila upande wa nyonga, zimekuwa na unyevunyevu na manyoya yake yamelowana hapo. Dume aliyesinyaa hana unyevu huo.

Naandika pia kinachonizuia kushangilia. Hamsta aliyekaa muda mrefu katika mchana mfupi hatimaye hujirudisha mwenyewe, baada ya wiki 20 na ushei, hata bila mwanga kuongezwa. Kule shimoni lazima atoke akiwa tayari kuzalisha kabla masika hayajapita. Sijui Simsim alianza kusinyaa lini, na kwa hiyo dume huyu mmoja hanipi ushahidi wa taa. Ananipa tu dume mzima. Ushahidi utatoka kwa wanawe.

Kabla ya kuwakutanisha nimehakikisha vizimba. Uzao ni watoto 6 hadi 12 kwa kawaida, mara nyingine zaidi, na kila mmoja atahitaji nyumba yake ndani ya wiki chache. Nimenunua makasha makubwa ya plastiki, fundi wa jua kali amekata vifuniko na kufunga wavu. Vilevile nina orodha ya watu walioahidi kuchukua watoto, na nimewatembelea nyumbani. Nisingekuwa na vizimba na orodha, nisingempandisha Nyota.

Machi, Alhamisi usiku

Ute ulikuja Jumatatu. Saa mbili usiku, baada ya taa kuzimika kwa saa moja, nimemwingiza Nyota katika kizimba cha Simsim. Jike ndiye apelekwaye kwa dume. Dume akiingia kwa jike, jike hulinda nyumba yake kwa meno. Nilikuwa na taa hafifu nyekundu, glavu nene na kipande cha kadibodi cha kuwatenganisha.

Nyota alinusa kona, akapita mbele ya Simsim, akamgeukia kama atakayepigana. Simsim akamgusa ubavuni kwa pua. Nyota akaganda. Miguu ya nyuma ikatanuka, mgongo ukabonyea, mkia ule mfupi ukasimama wima, na akabaki hivyo hata Simsim alipokuwa amesogea kujilamba. Jike asiye kwenye joto hawezi kukupa dakika moja ya utulivu huo. Nimewaacha nusu saa hivi, mpaka Simsim alipoanza kumwacha na Nyota kuanza kutembea. Nimewatenganisha hapohapo, hakuna hata tone la damu.

Siku ya 5 na siku ya 9 tangu kupandishwa

Jumanne hakukuwa na ute. Hiyo pekee haitoshi, kwa sababu jike aliyepandwa bila kushika mimba anaweza kupata mimba ya uongo inayodumu siku 9 au 10. Jumamosi pia hakuna. Natulia lakini nangoja tumbo.

Ananywa maji zaidi. Nimeongeza protini: yai la kuchemsha, na omena waliokaushwa bila chumvi, waliosuuzwa na kukaushwa tena. Mchanganyiko wake wa kila siku ni mtama, mawele, shayiri na mbegu chache za alizeti, na sukuma wiki kipande kidogo. Omena ndio anaowachukua kwanza, anawasukuma shavuni mmoja mmoja, kichwa kikitangulia.

Siku ya 13

Tumbo limetanuka pande zote mbili, na jana lilikuwa halionekani. Hivi ndivyo mimba ya siku 16 inavyokwenda, ambayo ni miongoni mwa mimba fupi kuliko zote za mamalia wenye kondo.

Nimesafisha kizimba leo kwa mara ya mwisho. Nimeweka maranda mapya kwa kina cha kiganja kilichosimama. Maranda yenyewe nilimwomba seremala aniwekee ya mbao zisizo na harufu, si ya mtarakwa, kwa sababu mafuta yake huwasha mapua yao. Juu yake nimerundika tishu nyeupe zilizochanwa, zisizo na manukato, na ndani ya saa moja zote zilikuwa zimeingia shimoni. Gurudumu nimeliondoa. Kuanzia sasa mkono wangu hauingii isipokuwa kwa chakula na maji.

Siku ya 16, Jumamosi

Alfajiri nimesikia sauti kabla sijaona chochote, vilio vyembamba vya juu kutoka chini ya tishu. Nyota alitoka mara moja, akanywa maji kwa muda mrefu, akarudi. Manyoya ya tumbo yamelala na chuchu zinaonekana. Amezaa.

Sijafunua kiota na sitafunua. Hamsta mama anayeshtuka hufanya mambo mawili: huwabeba watoto mashavuni akihaha kutafuta mahali pengine, au huwala. Watu humwita mkatili. Mimi naona mnyama mwenye akiba ndogo, anayepima kama kiota kimegunduliwa na adui, na anayeamua kuokoa nguvu zake kwa uzao mwingine. Kazi yangu ni kutompa sababu ya kufikia uamuzi huo. Nimewaambia watu wa nyumbani: hakuna redio chumbani, hakuna mgeni, hakuna simu ya kupiga picha.

Mvua za masika zimeanza na stima ilipotea jioni saa kumi na mbili na robo. Nimewasha taa ya sola mpaka saa moja, ratiba ikatimia.

Siku ya 9 tangu kuzaa

Mpwa wangu wa darasa la sita ndiye anayetunza daftari la chakula, na leo nimemruhusu kuchungulia, kwa kuwa watoto wenyewe wameanza kujiburuta nje ya kiota na Nyota anawarudisha kwa meno bila haraka. Wana manyoya mafupi kama mahameli, macho yamefumba kabisa, na mmoja alikuwa akitafuna punje ya mtama.

"Mjomba, mbona wana meno na hawana macho?"

Swali zuri. Hamsta huzaliwa na meno ya mbele tayari, akiwa na gramu 2 au 3 tu, uchi, kipofu na kiziwi. Macho hufunguka karibu wiki ya pili, lakini chakula kigumu huanza kabla, kwa hiyo hula kwa kunusa. Tangu leo tunawamwagia uji mzito wa wimbi kwenye kifuniko, bila sukari, na kiasi kinachomalizika kabla hakijachacha. Chupa ya maji imeshushwa mpaka wanapoweza kuifikia.

Nimehesabu 9. Chuchu za jike ni 12 hadi 14, hivyo kila mmoja ana yake. Hata hivyo mmoja ni mdogo waziwazi.

Siku ya 12

Yule mdogo amekufa usiku. Nyota alikuwa amemsukuma pembeni ya kiota. Nimemtoa kwa kijiko nilichokisugua kwanza kwenye maranda yao ili kibebe harufu ya nyumbani. Mpwa wangu alilia, tukamzika kwenye chungu cha mrujuani.

Siku ya 16

Macho yamefunguka kwa wote 8, na rangi zinasomeka: 5 wa dhahabu, 3 wa malai. Rangi ya malai ni jeni inayofichika, huonekana tu mtoto akiipata kwa wazazi wote wawili. Simsim ana nakala mbili, maana yake Nyota wa dhahabu naye amebeba moja kimyakimya. Sasa najua jambo juu ya wazazi wa Nyota ambalo hakuna aliyeweza kuniambia.

Tumeanza kuwashika, dakika chache kila jioni, tukiwa tumekaa sakafuni. Hamsta akiruka kutoka mkononi mwa mtu aliyesimama, huvunjika.

Wiki ya nne, mwisho wa Aprili

Nyota amerudi kizimbani mwake siku ya 23. Alikuwa amekonda, na kwa siku za mwisho alikuwa akiwakimbia watoto waliomfuata kunyonya. Tofauti na panya wa nyumbani, hamsta hapati joto la kuzaa papo kwa papo baada ya uzazi. Mzunguko hurudi watoto wakishaachishwa, na leo asubuhi ute wake umeonekana. Hapandishwi sasa. Anapaswa kurudisha uzito na kupumzika, na nikimpandisha tena itakuwa mara moja tu.

Watoto tumewatenganisha kwa jinsia siku ya 25, majike 5 na madume 3. Kwa jike matundu mawili ya nyuma yamekaribiana na mistari ya chuchu inaonekana ukipuliza tumbo. Kwa dume yako mbali na uvimbe umeanza. Sikungoja siku ya 28, kwani dada anaweza kushika mimba ya kaka yake akiwa na wiki tano.

Watoto 5 watahamia kwa walioahidi wakifikisha wiki sita, kila mmoja na mfuko wa maranda ya nyumbani na kikaratasi cha chakula. Kwenye kikaratasi nimeandika pia habari ya balbu, kwa atakayetaka kuzalisha siku za usoni.

Wanaobaki ni jike mmoja wa malai na madume wawili wa dhahabu. Hao kaka wawili ndio sehemu inayofuata ya mradi. Wana wazazi walewale, tarehe ileile ya kuzaliwa, na watapata chakula kilekile. Mmoja anabaki kwenye rafu ya saa 14. Mwingine ana kizimba cha ukubwa uleule katika chumba cha nyuma chenye dirisha, mwanga wa jua peke yake, pazia wazi, balbu imetolewa kabisa. Kila Jumapili nitawapima uzito na kuandika upana wa korodani kwa kalipa ya plastiki, kuanzia wiki ya nane, wakiwa wote wameshakomaa. Kama huyo wa dirishani atasinyaa na mwenzake asisinyae, nitaleta vipimo vyote hapa na kumrudishia balbu yake wiki hiyohiyo.